Kisu kiko kwa nani? Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi

Kwa Waheshimiwa Wabunge na Madiwani wa mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakuu wetu wa Mikoa na Wilaya, na wataalamu wote mnaoandika mipango ya kusini.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho huku uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala. Kazi yangu ni kupima gunia, kuandika, kushona, kupanga foleni, na kutukanwa kidogo malipo yakichelewa. Uandishi si fani yangu. Ila hivi karibuni nilialikwa kwenye semina ya watu wa ushirika. Tukapewa maji ya chupa na kalamu, na mtoa mada akaonyesha ukutani ramani ya dunia iliyopakwa rangi: nchi tajiri bluu, za kati njano, maskini nyekundu. Sisi tulikuwa wekundu wa kuiva. Akauliza kwa nini Asia imetuacha mbali ilhali kuna nchi za huko zilizokuwa maskini kama sisi, au kutuzidi. Ukumbi kimya. Akajijibu mwenyewe: ni fikra, ndugu zangu, fikra. Kisha akaongeza, huku anacheka, kwamba hata humu humu Tanzania si mnaona kaskazini na si mnaona kusini. Watu wakacheka naye. Nikanyoosha mkono, muda ukawa umeisha, chakula kikaletwa.

Jibu langu ndilo hili. Limekuwa refu kwa sababu pilau yangu ilipoa nikiwa bado ninalitafuta.

Nianze na jambo ninaloliona kila msimu ghalani. Kabla ya mnada, mkaguzi huja na bambo. Huchoma gunia hili, huchoma lile, humimina sampuli kwenye turubai, huzichanganya, kisha hupima kilo moja. Anahesabu korosho moja moja, midomo ikicheza kama mtu anayevuta uradi. Halafu anazikata katikati kwa kikatio chake cha chuma. Kila nusu anaitazama: iliyojaa na kuwa nyeupe anaiweka huku, yenye madoa kule, iliyosinyaa pembeni, iliyooza anaitupa. Anavitoa viini, anavipima tena, anapiga hesabu, anaandika namba moja tu kwenye karatasi: 50, au 48, au 52. Wakulima waliosimama mlangoni hunyoosha shingo kuiona namba hiyo kuliko wanavyonyoosha shingo siku ya matokeo ya darasa la saba.

Namba hiyo ni ratili. Maana yake, gunia la kilo 80 la korosho ghafi lina ratili 50 za kiini kinachofaa, yaani kilo 22 na ushei. Zilizobaki, zaidi ya kilo 57, ni ganda na takataka. Kwa hiyo mnunuzi anapotaja bei ya gunia, hanunui gunia. Ameshalibangua kichwani. Anajua kiini kitauzwa kiasi gani Ulaya au Marekani, anatoa faida yake, anatoa mshahara wa mbanguaji, umeme, riba ya mkopo, meli, bima, na kinachosalia chini kabisa ya karatasi ndicho anachotutajia sisi. Bei ya mkulima ni salio. Dunia ikitikisika, wa juu kwenye karatasi hujikinga kwanza, na salio ndilo linalokonda.

Sasa irudieni ile ramani. Sehemu kubwa ya bluu ni watu wanaopiga hesabu hiyo, na sehemu kubwa ya nyekundu ni watu wanaongoja salio. Si yote, kuna nchi zina mafuta mengi na watu wachache. Lakini mkitaka kujua kwa nini pande za dunia zimetofautiana, ulizeni kwanza kisu cha kukatia kiko mkononi mwa nani.

Wasomi wana majibu yao. Wachumi watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024 kwa kazi iliyoonyesha kwamba namna wakoloni walivyopanga utawala na sheria za mahali inaeleza kwa kiasi kikubwa nani alitajirika baadaye na nani alibaki nyuma. Wengine wanataja malaria, udongo, mvua, umbali na bahari. Sibishani nao, kila mmoja ameshika kipande chake. Ila mimi ni karani, nataka kujua gunia limetoka wapi, limeishia wapi, na nani kalifungua.

Na hapa kwetu ushahidi upo tangu zamani. Kilwa haikuwa na mgodi hata mmoja. Dhahabu ilichimbwa bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikashushwa hadi Sofala, na watu wa Kilwa wakakaa mlangoni pa biashara ile. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifia mji kwa uzuri wake. Ulikuwa unatengeneza sarafu zake wenyewe. Yaani wakati huo kwenye karatasi ya hesabu Kilwa ndiyo iliyokaa juu, na mchimbaji wa bara ndiye aliyekuwa anangoja salio, kama Newala ya leo. Wareno walipouvamia mji mwaka 1505 hawakuja kurekebisha fikra za mtu. Walikuja kuchukua mlango.

Karne ya 19, Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa. Binadamu mwenyewe ndiye akawa bidhaa ghafi. Nalipita hili haraka, si kwa sababu ni dogo. Mwaka 1905 wazee wetu wa vilima vya Umatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa na Vita vya Maji Maji vikaanza. Njaa iliyofuata, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, iliua wengi kuliko risasi. Mkoa uliopitia hayo yote ndani ya miaka mia moja, halafu mtu asimame na kalamu ya kuonyeshea ukutani aseme tatizo ni fikra!

Kuna kisa cha Tendaguru, ambacho watoto wa Lindi wanapaswa kukijua kama wanavyojua jina la timu zao. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Mamia ya watu wetu walichimba, wakaifunga, wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin hadi leo, urefu wake kwenda juu ni mita 13 na zaidi, na watu wanalipa kiingilio kumwona. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadai arudishwe. Mimi linaloniuma zaidi ni jambo lingine. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa hapa, na alijifunza kuitoa na kuihifadhi mifupa ile kwa ustadi ambao Wajerumani wenyewe waliusifu. Ujuzi ulikuwepo, basi. Kilichokosekana ni nyumba ya kuuweka: hakuna chuo wala karakana iliyobaki Lindi ili kijana wa pili na wa tatu ajifunze kwake. Meli ilipoondoka, ujuzi ulibaki kichwani mwa mtu mmoja mmoja, nao wakazeeka.

Waingereza nao walikuja na karanga. Mpango wao wa 1947 ulikusudia kulima mamilioni ya ekari Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo matatu. Wakatumia zaidi ya pauni milioni 30, udongo na mvua vikawashinda, wakafunga hesabu. Walituachia bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Bandari ipo. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwa haikuwa na mzigo wa kutosha kujilipa. Haikuwa na mzigo kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya zao moja la mtu mwingine, na zao halikuota. Shikeni hilo, nitalirudia.

Baada ya uhuru kusini ikawa mstari wa mbele wa ukombozi wa Msumbiji. Wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa Nachingwea, na ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na Mreno na ndege zake. Tulilibeba hilo kwa heshima wala hatudai chochote. Lakini nani angejenga kiwanda mpakani mwa vita? Na barabara je? Hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji ni pantoni pale Ndundu. Masika moja nilikaa njiani siku 3 kutoka Dar es Salaam, nikila mihogo ya kuchoma na kulala juu ya shehena. Mwenzangu mmoja wa safari ile, kijana wa Lindi, alisema harudi tena nyumbani kufanya biashara; ataishia Kariakoo na kapu lake. Wengi walifanya hivyo, na ndiyo maana taifa zima linawaita wachuuzi wa barabarani kwa jina la watu wetu, machinga. Wavivu hawaachii nchi jina la kazi.

Sasa nije kwenye viwanda, maana hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini.

Mama yangu alifanya kazi katika kiwanda cha kubangua korosho, kimoja kati ya vile vilivyojengwa enzi za Mwalimu. Kazi yake ilikuwa kumenya ganda jembamba la ndani na kuchambua madaraja. Hadi anafariki alikuwa akiletewa sahani ya korosho anachukua moja, anaizungusha kati ya vidole, anasema "mia mbili na arobaini" au "mia tatu na ishirini." Alikuwa anataja daraja: viini 320 hivi hutimiza ratili moja, vya 240 ni vinene zaidi, vya 180 ni vya kifalme. Hakuwa na mizani. Macho na vidole vyake vilitosha. Kiwanda kilipofungwa nilikuwa darasa la tatu, na sikumbuki aliitwa na mtu yeyote kuulizwa anajua nini. Vidole vile vikarudi kushika jembe.

Kwa nini kilifungwa? Mnalifahamu, lakini vitabu vya mipango hulificha kwa maneno laini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Katika miaka hiyo hiyo ilikuja Operesheni Vijiji. Watu wakahamishwa, mikorosho ikabaki porini mbali na nyumba, hakuna wa kuifyekea. Bei ya mkulima ikakatwa njiani na taasisi moja baada ya nyingine. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukaingia kwenye maua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yakawa hayafiki tani 20,000. Na wakati mavuno yanaporomoka, nchi ilikuwa inajenga viwanda zaidi ya kumi kwa mikopo ya nje, na mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani iliyoweza kumeza tani zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Mitambo ilifika ikakuta hakuna cha kula. Kipuri kikivunjika kinaagizwa kwa fedha za kigeni ambazo hazipo. Ni ile reli ya karanga tena, ila safari hii tuliijenga wenyewe.

Baadaye viwanda vingi vikauzwa. Vingine vikawa maghala. Nimewahi kufanya kazi ndani ya kimoja: kupanga korosho ghafi, ndani ya kiwanda cha kubangulia korosho, zikisubiri meli ya kwenda kubanguliwa Asia. Sakafuni bado kuna boliti zilizoshikilia mashine. Kila asubuhi tulikuwa tukiambiana tuziangalie, zisije zikachana magunia. Na magunia yenyewe ya juti, msinicheke, yanatoka ng'ambo, ilhali mikoa yetu hii imewahi kulima katani.

Wakati huo Vietnam walikuwa wapi? Mwaka 1990 pato la mtu wa Vietnam kwa hesabu za Benki ya Dunia halikufika dola 100 kwa mwaka, chini ya letu. Walikuwa wametoka vitani, na mwanzoni walipeleka korosho zao ghafi India, kama sisi tulivyokuwa tukifanya tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwenda Kollam kubanguliwa na akina mama wa Kerala. Kisha wakaanza kubangua wenyewe. Hawakuanza na mtambo wa mkopo. Walianza na vibanda: mama na binti zake mkoani Binh Phuoc, mashine ya kukanyaga kwa mguu, kisu kimoja juu, kimoja chini. Fundi wa kijijini akaitengeneza, ikaharibika, akaitengeneza upya ikiwa bora. Mwaka 2006 waliipita India wakawa wa kwanza duniani kwa kuuza viini nje. Leo mashamba yao hayawatoshi hata kidogo. Wanabangua korosho za Cambodia, za Côte d'Ivoire, na zetu. Na mafundi wale ambao watoto wao walikua kwenye vibanda sasa wanauza mashine za kubangulia Afrika. Pato la mtu kule limepita dola 4,000. Letu ni dola 1,200 hivi.

Kama ni fikra, basi fikra zenyewe zilikuwa kwenye spana.

Wala msiende mbali. Vukeni Ruvuma. Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ya kwanza duniani kwa korosho na ilikuwa na viwanda vyake. Vita vikaivuruga. Mwaka 1995, viwanda vikiwa vinajaribu kuinuka, Benki ya Dunia ikaweka sharti ushuru wa kusafirisha korosho ghafi upunguzwe, eti mkulima apate bei nzuri. Mkulima alipata nyongeza ya kitu kidogo, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi, wengi akina mama, wakarudi nyumbani. Baadaye Msumbiji ikapandisha tena ushuru, na viwanda vidogo vikaanza kuchipua Nampula. Naandika haya kwa sababu najua nyinyi nanyi hukalishwa kwenye vyumba vyenye viyoyozi na kuambiwa kwamba soko huria litajipanga lenyewe. Lilijipanga. Tumeliona lilivyojipanga, ng'ambo tu ya mto.

Nisiwadanganye pia kwa upande wa pili. Kubangua peke yake hakutajirishi mtu kwa usiku mmoja. Faida ya mbanguaji ni nyembamba kama lile ganda la ndani. Kollam kwenyewe viwanda vingi vimefungwa miaka ya karibuni. Pesa nene iko kwa anayekaanga, anayetia chumvi, anayebandika jina kwenye pakiti. Lakini huwezi kurukia kukaanga kabla hujajua kubangua, na huwezi kutengeneza mashine ambayo hujawahi kuiona ikivunjika mbele yako. Hiyo ndiyo faida ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu vya kiwanda.

Mwaka 2018 tuliliona kwa macho. Msimu wa nyuma yake tulivuna tani 313,000, bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakaezeka bati. Mwaka uliofuata wanunuzi wakaja na bei ya chini, Rais Magufuli akaikataa, akatangaza shilingi 3,300 na jeshi likaagizwa kuzisomba. Siku ile tulishangilia, mimi nikiwemo, nikiwa juu ya gunia. Lakini kukataa bei ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwa na pa kuzipeleka. Maghala yakajaa, serikali yenyewe ikaanza kumtafuta mnunuzi, na wapo waliosubiri malipo yao hadi mvua za msimu mwingine. Kama siku ile tungekuwa na mahali pa kubangua hata nusu yake, yule mnunuzi angekaa kiti kingine kwenye mazungumzo.

Naigusa na gesi, kwa ufupi, kwa kuwa mwaka 2013 watu walikufa katika mkoa huu kwa ajili yake na sipendi kulichezea jambo hilo. Kelele za "gesi haitoki" watu wa mbali walizisikia kama ubinafsi wa mkoa mmoja. Mimi nilizisikia kama swali la mizani: tutapewa kazi gani, au ni salio tena? Bomba likajengwa hadi Dar es Salaam. Sasa kuna gesi ya baharini na mazungumzo ya kiwanda cha kusindika gesi hiyo Likong'o, Lindi, na mezani yupo Equinor wa Norway. Kampuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Norway iligundua mafuta makubwa mwaka 1969 bila ujuzi wa mafuta; mmoja wa waliowasaidia kupanga utaratibu alikuwa mtaalamu wa miamba kutoka Iraq, Farouk al-Kasim. Mwaka 1972 wakaunda kampuni yao, wakayabana makampuni ya kigeni yawafundishe watu wao. Mwanafunzi yule ndiye leo anayekuja kwetu kama mwalimu. Mtakapokaa naye, muulizeni mwaka 1972 nchi yake ilidai nini, halafu daini hilo hilo.

Sasa ninachokiomba. Kuna mpango wa kongani ya viwanda vya korosho kule Maranje, nami nauunga mkono kwa mikono miwili. Ila kabla hamjakata utepe, fanyeni hesabu ya tumbo la kiwanda. Mnada wa korosho unaanza Oktoba na kwa miezi mitatu minne umekwisha. Mbanguaji wa hapa anatakiwa anunue ndani ya miezi hiyo korosho za kumlisha mwaka mzima, taslimu, mnada mmoja na mfanyabiashara anayekopa ng'ambo kwa riba ndogo na atakayezungusha fedha ile ile mara nne kwa mwaka. Wa kwetu anakopa kwa asilimia 15 au zaidi na pesa yake inalala ghalani miezi 12. Hata akiwa na fikra za dhahabu, hatoboi. Hapo ndipo viwanda vidogo vingi ninavyovijua hufia: Juni, Julai, mashine nzima, wafanyakazi wapo, korosho hakuna. Kwa hiyo mkopo wa kununulia malighafi, kwa dhamana ya korosho zenyewe zikiwa ghalani, ni muhimu kuliko majengo. Stakabadhi ghalani tunayo tangu 2007. Imemsaidia muuzaji. Ifanyeni imsaidie na mbanguaji. Na nafasi ya kwanza kwa wabanguaji wa ndani iwe ni nafasi kweli, isiwe mlango wa mtu kununua kwa jina la kiwanda na kusafirisha ghafi usiku.

Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi upo, na mnajua mabishano yaliyotokea bungeni 2018 kuhusu fedha zake ziende mfuko upi. Sitaki kuyafufua. Naomba tu sehemu yake, yoyote mtakayokubaliana, iwe na anwani: karakana. VETA, chuo cha ufundi, ipo Mtwara, ipo Lindi, na SIDO wa viwanda vidogo wapo. Wapeni vijana kazi ya kutengeneza kikatio, kukiharibu na kukitengeneza tena kwa miaka kumi. Watengeneze cha hovyo. Cha hovyo ndicho kinachotangulia.

Kuna vitu vinavyooza tukiviangalia. Maganda yana mafuta, yale yanayowababua akina mama viganja, na viwandani mafuta hayo huingia kwenye rangi na kwenye breki za magari. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, ndiyo aibu kubwa zaidi: Novemba ukipita chini ya mikorosho unakanyaga mali, nzi wamejaa. Kule Goa, India, pombe ya mabibo inaitwa feni, na tangu 2009 jina lake limesajiliwa kisheria kama mali ya jimbo hilo. Watalii wanaibeba kwenye mabegi. Ya kwetu inaitwa gongo na mpikaji anakimbizwa hadi mtoni. Sisemi watu walewe, mimi mwenyewe sinywi. Nasema tunda ni lile lile.

Na tafadhali, wanaoitwa kwenye vikao hivi wawe pia wale waliowahi kubangua. Wapo. Wana miaka 60 na 70, wamekaa barazani Newala, Masasi, Nachingwea, Mtama. Mama yangu hayupo tena kati yao. Waliobaki ukiwapa kiini gizani watakutajia daraja, na hakuna mtoa mada hata mmoja aliyewahi kuwauliza.

Waheshimiwa, mnapenda kuja siku ya mnada wa kwanza, kukiwa na kamera, bei inasomwa na watu wanapiga vigelegele. Karibuni sana. Lakini msimu huu nawaomba mje siku moja kabla, siku ya sampuli. Hakuna hotuba siku hiyo. Nitawawekea viti karibu na turubai. Mkaguzi atakapomaliza kukata, mwombeni kikatio, mkate mbili tatu kwa mikono yenu. Mshike kwa ncha za vidole, mafuta ya ganda yanachoma, na msiguse macho.

Ni mimi,
Karani wa mizani,
Newala, Mtwara